Njia Namba Moja ya Isungamo

Hebu niambie, wewe uliyekaa hapo unanisikiliza: mara ya mwisho ulipotoka kwako kwa miguu ukaenda kumjulia hali ndugu yako, kibali chako cha kutembea kiligongwa muhuri na nani?

Hukuwa nacho? Basi shukuru hukuzaliwa katika nchi ninayotaka kuisimulia. Jina lake silitaji, maana lina maneno kumi na manne, na ukiruka moja unaambiwa umeidharau. Ni nchi nzuri. Serikali yake inawapenda watu wake kiasi kwamba haiwezi kuwaacha peke yao hata kidogo.

Mkuu wa nchi hiyo aliwahi kwenda ng'ambo kwa ziara ya siku tisa. Huko akaona jambo lililomshangaza: watu wazima, wenye magari yao, wamevaa viatu vizito na kubeba mikoba mgongoni, wanatembea msituni. Hawaendi shambani, hawaendi kisimani, wala hawafukuzwi na mtu. Wanatembea, wanafika mahali, wanatazama, wanarudi. Mkuu akauliza, "Na wanafurahi?" Akajibiwa kwamba wanafurahi mno.

Aliporudi nyumbani hata viatu hakuvua. Akaunda Wizara ya Njia za Miguu na Matembezi ya Hiari. Tume ya wataalamu ikaizunguka nchi nzima kwa gari, miezi minane, kuchunguza kama wananchi wanaweza kutembea. Ripoti yake ilikuwa nene kama godoro, na neno lake kubwa lilikuwa hili: wananchi wanatembea, tena sana, lakini wanatembea holela.

Hapo ndipo balaa lilipoanza safari kuelekea nyumbani kwa Bi Kalunde.

*

Isungamo ni mahali penye ziwa upande mmoja na msitu upande wa pili. Pembezoni mwa ziwa, chini ya misonobari, wakubwa wa mji mkuu wamejijengea vijumba vya mbao vyenye baraza pana, wanakuja kupumzika kila wanapochoka kupumzika mjini. Nyuma ya vijumba ndipo wanapokaa wenyeji, wanaofua mashuka ya vijumba na kuwasha moto wa vijumba, na ambao kwenye ramani wameandikwa "mandhari".

Bi Kalunde, mjane wa miaka sitini na minane, alikaa mwisho kabisa wa kijiji. Mdogo wake, Nyanjige, alikaa ng'ambo ya msitu, kwenye ghuba. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na njia. Haikuwa na jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuipoteza. Ilianzia nyuma ya jiko la Bi Kalunde, ikafika pale njia panda, ikapita kwenye gogo ambalo siku zote alilivuka kwa kutanguliza mguu wa kushoto, ikazunguka jiwe moja lenye mgongo kama kobe, kisha ikateremka polepole hadi mlangoni kwa Nyanjige. Ukitoka na sufuria iliyofungwa kitambaa, unafika kifuniko bado kinatoa jasho.

Tangu Nyanjige aanguke na kuvunjika nyonga, alikuwa mtu wa kukaa tu mlangoni. Na alikuwa na dosari moja: hakuweza kula chakula cha mkono wa mtu mwingine. Kiburi hakuwa nacho, maskini. Alisema tu kwamba mkono wa mgeni unatia chumvi kwa haraka, na koo lake lilikuwa linaitambua haraka hiyo na kujifunga. Kwa hiyo kila asubuhi Bi Kalunde alipika, akaweka kata kichwani, akabeba sufuria, akaenda. Wakala pamoja. Wakawasengenya waliokufa kwanza, kwa heshima, kisha walio hai. Akamsuka nywele, mistari sita, hata kama jana yake alimsuka mistari sita. Akarudi. Ndiyo yalikuwa maisha yao, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba yalikuwa holela.

Sasa nikueleze desturi moja ya huko, maana bila hiyo mengine hutayaelewa. Msitu wa Isungamo una vijia vingi, na si vyote vya kupitwa. Anayetangulia asubuhi, akiona njia haifai, hukata tawi bichi lenye majani yake na kulilaza katikati ya njia hiyo. Maana yake: usipite huku. Basi. Hata mtoto aliyeanza kutembea juzi akikutana na tawi anageuka bila kuuliza.

Kwa kuwa Bi Kalunde ndiye aliyetangulia kila siku, kazi hiyo ilikuwa yake, ingawa hakuna aliyempa. Pale njia panda alilaza tawi moja kwenye njia ya kushoto, inayoishia kwenye kinamasi. La pili alililaza kwenye njia ya kati, penye mizinga ya nyuki wenye hasira za kurithi. La tatu kwenye njia ya kulia, inayoteremka mtoni wanapooga wanawake. Njia yake mwenyewe, ya nne, aliiacha wazi, safi, bila jani.

Tatizo ni kwamba huko mji mkuu matawi mabichi yana kazi nyingine. Huko hutandikwa barabarani anapopita mkubwa, ili ajue kwamba anapendwa.

*

Bwana Fulgensi Kitogwa, Afisa Njia Mkuu Daraja la Pili, aliwasili Isungamo asubuhi ya Jumanne na magari matatu ya kupimia njia za miguu. Alikuwa mtu wa adabu, mnene kiasi, na viatu vyake vilikuwa vya mkutano. Akafika njia panda, akaona matawi matatu yenye umande. Akasimama. Akavua miwani. Machozi yakamlengalenga.

"Jamani," akawaambia wenzake, "na mtu asije kuniambia wananchi hawatupendi. Tumekuja bila taarifa, na wametutandikia!"

Wakati huo Bi Kalunde alikuwa anarudi kutoka kwa mdogo wake na sufuria tupu. "Karibuni, wanangu," akasema. "Lakini hayo matawi—"

"Tumeyaona, mama. Yametugusa."

"Nasema hivi, hayo matawi nimeyaweka mimi, na maana yake—"

"Wewe mwenyewe! Kwa mikono yako hii!" Bwana Kitogwa akamshika mikono yote miwili, sufuria ikaanguka chini ikabingirika. "Andikeni jina la mama huyu."

Wakaandika. Kisha wakatembea hatua mia kwenye kila njia iliyotandikiwa, wakaona viatu vimechoka, wakaenda kukaa kwenye baraza la kijumba kimoja na kuchora sehemu iliyobaki kwa rula. Njia ya kinamasi ikawa Njia Namba Moja, Njia ya Amani. Njia ya nyuki ikawa Namba Mbili, Njia ya Umoja. Ile ya kwenda wanapooga wanawake ikaitwa Njia ya Uwazi.

"Na hii ya nne, isiyo na tawi?" mpimaji mmoja akauliza.

Bwana Kitogwa akaitazama kwa huzuni. "Hiyo wananchi wameisusa. Serikali yetu haiwezi kuwalazimisha watu njia wasiyoitaka. Ifungwe."

Ikafungwa. Wakaweka seng'enge nyuzi tano nyuma ya jiko la Bi Kalunde na nyingine pale njia panda, bango lenye maandishi ya rangi nyekundu, HII SI NJIA, na askari mmoja mwenye filimbi, wa kuhakikisha kwamba haigeuki kuwa njia.

*

Kuanzia hapo kutembea Isungamo kukawa jambo la kitaalamu. Mtembezi alitakiwa kuwa na kibali, filimbi, chupa ya maji, na fomu ya kurasa mbili. Bi Kalunde alikwenda ofisi ya Njia, iliyokuwa kwenye kijumba kilichopakwa rangi ya kijani, sufuria yake ikiwa kichwani, kwa kuwa alidhani ni jambo la mara moja.

"Kusudi la matembezi," Bwana Kitogwa akasoma. "Hapa una nafasi tatu, mama. Burudani, afya, au kutafakari."

"Kupeleka maharage."

"Maharage hayamo."

"Yamo, mwanangu. Haya hapa, nimekuja nayo."

"Hayamo kwenye fomu. Tuweke kutafakari."

"Nitafakari nini?"

Bwana Kitogwa akafikiri kweli kweli. Hakuwa mtu mbaya. "Tafakari maharage," akasema, akagonga muhuri.

Kibali kikasema aende kwa Njia ya Amani, na kwamba asirudi kwa njia hiyo, kwa sababu njia zote zilikuwa za kwenda tu, kuepusha msongamano. Kurudi kungekuwa kwa mashua ya Wizara, ambayo ilikuwa bado mti. Hadi leo, ukifungua madaftari ya Wizara utakuta watu arobaini wa Isungamo waliotoka mwaka ule na ambao, kwa hesabu ya serikali, bado wanatembea.

Bi Kalunde aliijaribu Njia ya Amani mara moja, kwa kuheshimu muhuri. Alirudi na kandambili moja. Maharage waliyala kambale.

Ikabaki barabara kubwa, inayozunguka kilima chote na ghuba yote. Kwa magoti yake ya uzee, alitoka alfajiri akafika jua limeshapinda, chakula kimepoa na kuanza kuchacha, na ikabidi alale huko na kurudi kesho yake. Mara moja kwa wiki aliweza. Mara mbili, magoti yalikataa. Siku nyingine zote Nyanjige alikaa mlangoni, akitazama pale njia ilipokuwa ikitokea.

Habari za siku hizo za katikati zilimfikia Bi Kalunde kwa mama muuza dagaa, aliyezunguka huku na huku na beseni lake.

"Mdogo wako anasema, kama umekufa umtumie salamu alie mapema. Eti machozi yake ya jioni hayana nguvu."

"Mwambie sijafa, nimefungiwa."

Juma lililofuata: "Anasema jana kala nusu ya kiazi. Nusu nyingine amekuwekea wewe, uje uitazame inavyonyauka, mfanane."

Bi Kalunde akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Lakini juma la tatu mama muuza dagaa alitua beseni, akakaa chini kwanza.

"Leo amesema nini?"

"Leo hakusema kitu, Bi Kalunde. Nimemkuta amekaa tu. Bangili yake imemtoka mkononi yenyewe, na hakuinama kuiokota."

*

Nchi ile ina sifa moja kubwa: haifanyi jambo bila kumuuliza mwananchi. Ukaitishwa mkutano wa kupokea maoni. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Majebele, aliyekuwa rafiki wa marehemu mume wa Bi Kalunde, ndiye aliyeongoza.

"Shemeji Kalunde, simama. Lakini kwa ufupi."

Bi Kalunde akasimama. "Mimi ninachotaka ni—"

"Maendeleo!" Bwana Kitogwa akammalizia, akapiga makofi, na wote waliokuwa na mikono wakapiga. Na kwa utaratibu wa nchi ile, maoni yakishapigiwa makofi yamekamilika. Wakamkalisha kwa upole.

Akaenda ofisini. "Mwanangu, mimi ninachotaka ni—"

"Kutambuliwa," akasema Bwana Kitogwa, "na nalaumu ofisi yangu kwa kuchelewa." Akampa cheti chenye utepe, Mtembezi wa Kwanza wa Isungamo, na kofia iliyomfunika mpaka puani.

Akaandika barua. Alikuwa na darasa lake la nne, na mwandiko mzuri wa kuinama. Alikaa nayo siku mbili, akaeleza gogo, jiwe, nyonga, chumvi na seng'enge, yote, kurasa tatu za daftari. Baada ya mwezi likaja jibu lililopigwa chapa: "Wizara inakushukuru kwa kutaka ulichotaka, na inakuomba uendelee na moyo huohuo."

Wakati huo wageni wa vijumba walikuwa wanazifurahia njia mpya. Waliotoka Njia ya Umoja walirudi nyuso zimevimba, macho yamefumbwa kama watu waliolala wamesimama. Waliochungulia Njia ya Uwazi walirudi wamelowa na wamerushiwa mawe ya kusugulia miguu. Wizara ikatoa taarifa kwamba wageni wa Isungamo wanarudi wakiwa tofauti kabisa na walivyokwenda, na kwamba hayo ndiyo mabadiliko yaliyokusudiwa.

*

Kisha ikatangazwa kwamba Waziri mwenyewe atakuja kuifungua rasmi Njia Namba Moja.

Waziri huyo, Mheshimiwa Rutaseka, alisifika kwa hotuba. Inasemekana aliwahi kufungua daraja, na hotuba ilipokwisha mto ulikuwa umehama. Ratiba ilisema atakata utepe, atatembea hatua mia moja, kisha atarudi, kwa kibali maalumu cha kurudi alichojisainia mwenyewe.

Watu wa Isungamo, lazima niwasifu kwa hili, wana huruma. Siku mbili kabla ya ufunguzi walikusanyika uani kwa Mzee Majebele.

"Mtu mzima yule atazama," akasema mmoja. "Na ana kitambi, atakwenda chini haraka."

"Hatua mia hazimfikishi kinamasini," akasema mwingine.

"Mia zipi? Akianza kusifiwa huyo atatembea mpaka kesho."

"Basi mwenyekiti amwambie Kitogwa."

Mzee Majebele akatikisa kichwa. "Nimeshamwambia mara nne. Nikifungua mdomo anamalizia yeye. Jana nilikwenda kumwambia 'Mheshimiwa atazama', nikatoka na kofia."

Alikuwa nayo kweli, amekaa nayo kichwani.

Ndipo Bi Kalunde, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mchicha, akasema, "Tumlazie matawi. Mtu unaweza kumkatiza. Tawi halikatizwi."

Wote wakaona ni akili. Na kwa kuwa tawi moja halikutosha kuwaonya watu wale hapo mwanzo, wakakubaliana wayaweke mengi. Asubuhi ya ufunguzi kila nyumba ilileta. Wanawake walileta matawi ya mpera, wanaume matawi ya misonobari, Mzee Majebele akakata mgomba mzima na majani yake. Bi Kalunde alikwenda kukata mara saba. Jua lilipopanda, Njia Namba Moja ilikuwa imezibwa kwa majani mabichi mpaka magotini, na watu wa Isungamo wakajipanga pande zote mbili, roho zao zimetulia. Hata kipofu, walisema, hataingia humo.

Mheshimiwa Rutaseka akashuka garini. Akaona. Akamshika msaidizi wake kiwiko.

"Ndugu zangu!" akasema. "Katika utumishi wangu nimetandikiwa kanga. Nimetandikiwa mazulia. Mahali pamoja nilitandikiwa walimu. Lakini msitu! Ndugu zangu, mmening'olea msitu!"

"Usipite, baba!" wakapiga kelele watu, wakipunga matawi. "Rudi! Rudi!"

"Wanasemaje?" Waziri akauliza.

"Wanakuomba urudi tena mwakani, Mheshimiwa," akasema Bwana Kitogwa.

Hapo Waziri akafanya jambo lisilokuwemo kwenye ratiba. Akaukata utepe kwa meno. Akawageukia walinzi na wasaidizi, akawaambia, "Mtu asinifuate. Niacheni na upendo wa wananchi." Akaingia, anakanyaga majani, mikono ameinua juu, na kadiri watu walivyozidi kupiga kelele ndivyo alivyozidi kukaza mwendo. Hatua ya mia akaipita. Ya mia mbili akaipita. Akapotelea nyuma ya matete. Kwa muda walisikia sauti yake tu, "Wananchi! Wananchi!" Kisha ikasikika inatokea chini zaidi. Kisha ikanyamaza.

"Anatafakari," akasema Bwana Kitogwa, lakini uso ulikuwa umembadilika.

Palihitajika uokoaji, na uokoaji una utaratibu wake. Kanuni ya sita ilikataza watembezi wawili kwenye Njia ya Amani kwa wakati mmoja. Bwana Kitogwa akafungua ramani ya Wizara, akaona kwamba Njia ya Umoja, kwa jinsi alivyoichora mwenyewe kwa rula, inafika kulekule kwa ufupi zaidi. Akawaongoza walinzi wote, wasaidizi wote na mpiga picha. Baada ya dakika chache msitu ukavuma. Wakatoka mbio wamejifunika makoti, wakatafuta maji, wakakimbilia Njia ya Uwazi, ambako wanawake wanane waliokuwa na sabuni mwilini waliwapokea kwa ndoo na madumu. Kwa hiyo siku ile njia zote tatu zilifunguliwa rasmi.

Mzee Majebele alikwenda nyumbani kuchukua kamba. Bi Kalunde akachukua gongo refu la kukongojea, akapandisha kanga, akaingia matopeni kwa kukanyaga mashina ya nyasi aliyoyajua moja moja.

*

Alimkuta Mheshimiwa amezama mpaka tumboni, kofia iko sawasawa.

"Usitapetape, baba," akamwambia, akakaa kwenye shina la mti. "Kinamasi hiki hakiui. Kinamshika tu mtu anayejitikisa. Kamba inakuja."

"Mama, wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye wazo la matawi."

"Ah! Kwa niaba ya serikali napenda kukushukuru—" Waziri akainua mkono kama kawaida yake ya kushukuru, akazama kiasi cha vidole viwili.

"Shusha mkono, baba. Kwetu huku tawi kwenye njia maana yake usipite."

Chura akalia mahali. Waziri akamtazama Bi Kalunde, akatazama nyuma alikotoka, akamtazama tena.

"Yote yale?"

"Yote. Na ule mgomba ni wa mwenyekiti."

"Na zile kelele?"

"Tulikuwa tunakwambia urudi."

Mheshimiwa Rutaseka akawa kama mtu anayesoma barua mbaya ndani ya kichwa chake. "Kwa hiyo zile njia tatu, Amani, Umoja na Uwazi…"

"Zote si za kupita. Leo ni mwaka wa hamsini nawaambia watu hivyo."

"Na ile iliyofungwa?"

"Ile ndiyo njia."

"Nitaunda tume!" akasema Waziri, akainua mkono wa kulia, matope yakamfika kifuani. "Tume huru, mama, yenye wajumbe kumi na wawili!" Akainua na wa kushoto, matope yakamfika kwapani.

"Usiahidi, baba. Utaisha."

"Nitakujengea kisima!" Matope yakamfika mabegani. "Barabara ya lami mpaka mlangoni kwako! Mwanao mmoja nitampeleka kusoma—"

"Sina mwana, na kisima ninacho. Tulia."

"Najua unachokitaka, mama. Watu kama ninyi ninawajua, nimewatumikia miaka thelathini. Wewe unataka—" Matope yakamfika kidevuni, yakaingia kidogo mdomoni. Akayatema. Sasa mikono yote miwili ilikuwa chini na haikuweza kuinuka tena, na bila mikono hakujua sentensi ile inaendeleaje. Akapumua kwa pua. Alionekana mdogo, kama mtu yeyote aliyechoka na aliye mbali na nyumbani.

Bi Kalunde akamsogezea gongo mpaka chini ya kidevu, apate kuegemeza kichwa. Huko mbali Mzee Majebele alisikika akiita kwamba kamba ameipata, anakuja, ila askari wa filimbi anamuuliza kibali.

Mheshimiwa Rutaseka akafumba macho, akayafumbua.

"Basi unataka nini, mama?" akauliza, kwa sauti ndogo. Na baada ya kuuliza, akanyamaza.

Bi Kalunde hakujibu upesi. Sentensi ile alikuwa amekatizwa mara nyingi mno, hata hakuwa na hakika kama mwisho wake bado upo. Akatazama huku na huku. Hapakuwa na mtu mwingine. Akafuta tope mikononi, akajiweka sawa pale kwenye shina.

"Mimi ninachotaka," akasema, akangoja kidogo, "ni kupita pale nyuma ya jiko langu, leo hii, niende nikamlishe mdogo wangu. Ana njaa."